Ukigongwa na gari, usiyamalize pale pale barabarani

Leo tuongee ishu ambayo kila mtu anaiona kila siku ila wachache wanaijua kisheria: haki za mtu anayetembea kwa miguu na za mwenye baiskeli.

Nenda kijiweni uulize barabara ni ya nani. Wengi watakujibu ni ya magari. Ndo maana mtu akigongwa, swali la kwanza huwa "kwani alikuwa anafanya nini barabarani?" Mgonjwa yupo chini anavuja damu, na tayari ameshaonekana mkosaji.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168) inamtambua mwenda kwa miguu na mwendesha baiskeli kuwa ni watumiaji halali wa barabara. Tena kuna bima ya lazima ambayo kazi yake kubwa ni kumlipa mtu aliyeumizwa na gari la mwingine, yaani wewe. Sasa mbona watu wetu hawalipwi? Mara nyingi haki haipotelei mahakamani. Inapotea ndani ya saa ya kwanza, pale mwenye gari anapotoa noti mbili tatu na watu wanasema "basi, yaishe". Soma mpaka mwisho, halafu mwambie na mwenzako asiyekuja mtandaoni.

KWA NINI SISI HUKU

Barabara zetu nyingi za Mbulu ni za vumbi, na wengi wetu tunatumia miguu na baiskeli. Wanafunzi wanatembea kilomita kadhaa kwenda shule. Akina mama wanaenda mnadani na mizigo kichwani. Punda wamebeba maji, ng'ombe wanavuka, na katikati ya yote hayo inakuja fuso ya mazao inakimbia.

Upande wa Hanang kuna lami ya Babati, Katesh mpaka Singida, njia ya malori na mabasi ya masafa marefu. Na kwa Mbulu mambo yanakuja. Mwaka 2023 serikali ilisaini mikataba ya barabara 7 nchini, na mojawapo ni ile ya Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago mpaka Maswa. Lami ni neema, hakuna anayebisha. Ila lami inakuja na mwendo wake, na mwendo ndio unaoua.

Tupige hesabu kidogo. Gari linalotembea kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikuona anahitaji kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Jumlisha umbali wa kufunga breki, kwenye lami kavu na breki nzima, gari litasimama baada ya kama mita 28. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari lile lile linahitaji kama mita 57, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Kwenye vumbi, kokoto au matope ni zaidi ya hapo. Na lori lililojaa gunia usiliwekee dhamana kabisa.

Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2023 lilisema watu milioni 1.19 hivi hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani. Zaidi ya nusu yao ni wale wasio na bati la kuwakinga: waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wa pikipiki. Kwa hiyo hii sio ishu ya Bashay peke yake.

DEREVA ANADAIWA NINI KWAKO

Kwanza, mwendo. Kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kibao kikiandika chini ya hapo kinafuatwa kibao. Mabasi na malori yenye uzito unaozidi kilo 3,500 mwisho wao ni 80, hata kama barabara ni nyeupe na haina mtu.

Pili, kivuko. Pale penye michoro ya pundamilia, wewe ukishaingia kuvuka, dereva ni lazima akupishe. Sio hisani, ni wajibu wake. Kukupigia honi ili ukimbie sio kukupisha.

Tatu, uangalifu. Hata pasipo na pundamilia, na huku kwetu ndo sehemu nyingi, dereva hana ruhusa ya kuendesha kizembe au kwa hatari. Akiona watoto, mzee, mtu na baiskeli yenye mzigo au kundi la ng'ombe, anatakiwa apunguze mwendo. Kumpita mwenye baiskeli kwa kumbananisha mtaroni ni kosa, hata kama hajamgusa. Kuendesha amelewa ni kosa kubwa zaidi.

Nne, ajali ikitokea dereva lazima asimame, asaidie majeruhi, atoe jina lake na habari za gari, na aripoti polisi. Akiona watu wana hasira na anahofia maisha yake, aende moja kwa moja kituo cha polisi. Kukimbia na kujificha ni kosa jingine juu ya kosa la kwanza.

NA WEWE UNADAIWA NINI

Hapa vijana msiruke. Haki ina mwenzake, naye anaitwa wajibu.

Mwenda kwa miguu: kama kuna njia ya pembeni, tumia hiyo. Kama hakuna, tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja usoni. Ukitembea kushoto gari linakufuata mgongoni na hulioni. Mkiwa kundi, fuataneni mmoja mmoja, msitande barabara nzima mnapiga stori. Usivuke kwenye kona wala mbele ya basi lililosimama kushusha abiria.

Mwenye baiskeli: wewe unakwenda kushoto, mwelekeo mmoja na magari. Baiskeli nayo ni chombo cha usafiri, iwe na breki zinazoshika, kengele, taa nyeupe mbele na taa au kiakisi chekundu nyuma. Kiakisi bei yake ni ndogo, na usiku taa za gari zinakiona kabla dereva hajakuona wewe. Kama huna, vaa nguo nyeupe. Ukitaka kukata kulia, tazama nyuma kwanza, toa mkono, ndo ukate.

Kwa barabara za vumbi kuna jambo moja la kuzingatia: gari likipita linaacha wingu nyuma yake, na gari la pili linakuja ndani ya wingu hilo hilo. Usivuke mpaka vumbi litulie. Na siku ya mnada, ukishapata glasi kadhaa, baiskeli iache kwa mwenyeji. Utaichukua kesho.

Sasa sikia hili, maana wengi wanalikosea. Hata kama na wewe ulikuwa na kosa kidogo, mfano baiskeli haikuwa na taa, haki yako haifutiki. Mahakama inaangalia kila mmoja alichangia kiasi gani, halafu fidia inapunguzwa kwa kadiri ya kosa lako. Kupunguziwa sio kunyimwa. Kwa hiyo dereva akikutishia kwamba "wewe ndo mwenye makosa, hulipwi kitu", usikunje mkia. Hayo ni ya polisi na mahakama kuamua.

"SHIKA HII, TUSISUMBUANE"

Chukua mfano huu wa kufikirika. Kijana anatoka sokoni na baiskeli, nyuma kafunga gunia la vitunguu saumu. Noah inakuja nyuma yake, inamfinya, inamgonga kwa ubavu. Anaanguka mtaroni, mguu unavunjika. Mwenye Noah anashuka, mtu mpole tu. Anasema: "Pole sana kijana wangu. Shika hii 50,000 ukatibiwe, mambo ya polisi yatatupotezea muda wote wawili." Wazee waliopo wanasema kijana, pokea, huyu ni muungwana, wengine wangekimbia. Kijana anapokea. Noah inaondoka. Hakuna aliyeandika namba.

Wiki moja baadaye hesabu inakuja. Nauli ya kufika hospitali, labda Haydom au Dareda. Eksirei. Plasta. Dawa. Kurudi tena kuangaliwa. Ndugu wa kumsindikiza. Na mguu uliovunjika haulimi, kwa hiyo msimu mzima wa shamba umekwenda. Kama mfupa umeunga vibaya, labda atachechemea maisha yake yote. Ile 50,000 iliisha siku ya tatu. Sasa atamdai nani? Noah gani? Ya nani?

Na ubaya ni kwamba yule mwenye gari pengine hakuhitaji hata kutoa hela yake mfukoni. Gari lilikuwa na bima.

ILE STIKA NI YA KWAKO

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto (Sura ya 169) inalazimisha kila gari na kila pikipiki inayotembea barabarani iwe na bima angalau ya mtu wa tatu, ile mtaani tunayoiita bima ndogo. Mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, wa tatu ni wewe uliyegongwa. Bima ndogo haimtengenezei mwenye gari gari lake. Kazi yake ni kulipa madhara aliyowasababishia wengine, yakiwemo majeraha na kifo.

Bodaboda nayo imo. Mtu akigongwa na pikipiki asione kwamba "yule naye ni maskini mwenzangu, nitamdai nini". Kama pikipiki ina bima, anayedaiwa malipo ni kampuni.

Utajuaje kama gari lina bima? Hapa nyie watu wa kompyuta mna faida. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ina mfumo mtandaoni unaoitwa TIRA-MIS. Unaingiza namba ya gari, unaona kama bima ipo na ni ya kampuni gani. Kwa hiyo ukiwa na namba ya gari tu, umeshika ncha ya uzi.

Na kama halina bima? Hilo ni kosa la jinai la mwenye gari, na bado dereva na mmiliki wanaweza kudaiwa wao wenyewe. Mmiliki hawezi kujificha nyuma ya dereva aliyemwajiri.

SIKU YA AJALI FANYA HIVI

1. Okoa mtu kwanza. Kama ameumia vibaya, hospitali ndo ya kwanza, karatasi zitafuata. Usimnyanyue hovyo mtu aliyeumia shingo au mgongo. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

2. Andika namba ya gari. Kama huna kalamu, iandike kwenye simu au mtumie mtu meseji. Piga picha ya gari, ya baiskeli, ya alama za matairi na ya eneo zima kabla vitu havijahamishwa.

3. Pata mashahidi. Majina mawili matatu na namba za simu za watu walioona kwa macho yao, sio waliosimuliwa.

4. Ripoti polisi siku hiyo hiyo. Kama kituo ni mbali, anza na polisi kata au mtendaji wa kijiji ili taarifa ianze kutembea. Polisi wanatakiwa kuja kupima na kuchora ramani ya eneo, na gari likaguliwe.

5. Chukua PF3. Ni fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha yako. Haiuzwi. Toa kopi, maana bila PF3 ni kazi ngumu kuthibitisha kwamba ulemavu wako umetokana na ajali hii na sio kitu kingine.

6. Tunza kila risiti. Dawa, nauli, eksirei, hata baiskeli iliyopinda. Kisichokuwa na karatasi ni maneno matupu.

7. Usisaini kitu usichokielewa. Karatasi inayosema umelipwa na "huna madai mengine" inaweza kukufungia mlango kabisa. Mwenye gari akitaka kukusaidia hela ya matibabu, pokea, hakuna ubaya. Ila iandikwe kwamba ni msaada wa matibabu na sio mwisho wa madai, na polisi mwende vile vile.

8. Msimpige dereva. Najua hasira. Lakini mkimpiga au kuchoma gari, mnageuka watuhumiwa nyie, na ushahidi wa ajali unateketea pamoja na gari. Kujichukulia sheria mkononi hakujamlipa majeruhi hata mmoja.

KESI NI MBILI, SIO MOJA

Watu wengi wanachanganya hapa. Kesi ya kwanza ni ya jinai, Jamhuri dhidi ya dereva. Hiyo inaendeshwa na serikali na wewe ni shahidi. Dereva akitiwa hatiani anaweza kupigwa faini au kufungwa. Faini hiyo inaenda serikalini, haiji kwako. Ndo maana utasikia mtu analalamika "kesi nilishinda lakini sikupata kitu". Hakushinda yeye, ilishinda Jamhuri.

Kesi ya pili ni ya madai, na hiyo lazima uianzishe wewe. Unaanza kwa barua kwa mwenye gari na kampuni yake ya bima, ukiambatanisha PF3, ripoti ya daktari, risiti na fomu za polisi za ajali. Kampuni kwa kawaida zitauliza PF 90, PF 93 na PF 115, zote zinatoka polisi. Mkielewana, mnamalizana bila mahakama. Msipoelewana, unamshtaki dereva na mmiliki, na kampuni ya bima iarifiwe mapema kwa maandishi kwamba kuna kesi. Usipoiarifu inaweza kupata upenyo wa kukataa kulipa. Hukumu ya ile kesi ya jinai iliyomtia dereva hatiani ni ushahidi mzito kwenye hii ya pili, kwa hiyo omba nakala yake. Kampuni ikikuzungusha, kuna TIRA Kanda ya Kaskazini pale Arusha, peleka malalamiko.

Na muda? Kesi za madhara ya namna hii zina ukomo wa miaka 3. Ukikaa kimya ukaja mwaka wa nne na picha ya mguu, mlango unaweza kuwa umeshafungwa. Aliyegongwa akiwa mtoto, mzazi au mlezi anadai kwa niaba yake. Aliyefariki, familia inadai kupitia msimamizi wa mirathi: mke, mume, watoto na wazazi waliokuwa wanamtegemea.

Hela ya wakili huna? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria. Hawatakusimamia mahakamani kama wakili, lakini watakuelekeza na kukuandikia barua. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, Mbulu au Katesh, wakuelekeze waliosajiliwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) nao wana huduma hiyo.

KABLA HATUJAGONGWA

Fidia ni nzuri ila mguu mzima ni bora zaidi. Na kuna kitu kijiji kinaweza kufanya bila kusubiri maiti ya kwanza.

Jijini Dar es Salaam shirika la Amend liliendesha mradi unaoitwa SARSAI kwenye maeneo ya shule. Hawakujenga madaraja ya juu. Waliweka matuta, vivuko, vibao, njia za miguu pembeni, na kuwafundisha watoto. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Vitu vyenyewe ni vya kawaida kabisa, kila kata inaweza kuviomba.

Unaomba wapi? Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa 2017. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi 3. Kijana simama, sema shule yetu ipo barabarani, tunaomba matuta na kibao cha mwendo. Iandikwe kwenye muhtasari, mtendaji apeleke barua, diwani apewe nakala. Na pale mkandarasi wa lami anapokuja, ndo wakati wa kudai njia ya miguu na ya baiskeli. Barabara ikishakamilika, kuongeza kitu ni ngumu.

Haya wadau, kazi kwenu. Je, kijijini kwako kuna tuta hata moja mbele ya shule? Na uliyewahi kufuatilia bima baada ya kugongwa, ilikuwaje? Tupe uzoefu wako hapo chini, usitaje majina ya watu. Na kabla hujafunga ukurasa, andika haya kwenye simu yako: namba ya gari, mashahidi, polisi, PF3, risiti, miaka 3.

Tembea kulia, endesha kushoto, fika salama.